Earl wa 7 wa Shaftesbury: alifanya nini hasa?

Mdadisi88

Habari zenu ndugu zangu. Ninasoma historia ya sheria za viwanda Uingereza na nimekwama. Kitabu kimoja kinasema mtetezi wa watoto wa viwandani mwaka 1833 alikuwa Lord Ashley, kingine kinamtaja Shaftesbury. Ni mtu mmoja? Na kama alikuwa lodi, ilikuwaje akachaguliwa kuwa mbunge? Mwenzangu anashikilia kwamba hawa warithi wa vyeo kazi yao ilikuwa kula kodi za mashamba tu. Huyu alifanya nini?

Mzee wa Kumbukumbu

Ni mtu mmoja, mwanangu. Anthony Ashley-Cooper, kazaliwa London mwaka 1801. Mtoto wa kwanza wa kiume wa earl (cheo cha kurithi huko Uingereza) huitwa Lord kwa heshima tu. Kisheria bado ni raia kama wengine, kwa hiyo anaruhusiwa kugombea Bunge la Makabwela. Aliingia mwaka 1826 kwa kiti cha Woodstock, kiti ambacho kwa kweli kilikuwa mfukoni mwa ukoo wa mama yake. Baba alipofariki mwaka 1851 ndipo akawa Earl wa 7 wa Shaftesbury na kuhamia Baraza la Malodi.

Rekebisha jambo moja kwenye daftari lako: mwaka 1833 muswada wake wa kuweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku ulishindwa. Serikali ikapitisha muswada mwingine ilioutunga yenyewe, uliokataza watoto chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo na kuweka wakaguzi 4 kwa nchi nzima.

Nesi wa Zamu

Shikamoo Mzee. Naomba niongeze, maana huyu mtu namfikiria karibu kila wiki nikiwa kazini.

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa akili hapa England, mwaka wa 11 sasa. Watu wakimtaja Shaftesbury wanakimbilia viwanda na migodi. Ni haki yake: sheria ya migodi ya mwaka 1842 iliwatoa chini ya ardhi wanawake wote na wavulana wasiofika miaka 10. Kulikuwa na watoto wadogo sana waliokaa peke yao gizani kutwa nzima, kazi yao kuvuta kamba ya mlango mkokoteni wa makaa ukipita. Lakini kazi aliyoianza mapema kuliko zote, na ambayo hakuiacha mpaka anakufa, ilikuwa ya wagonjwa wa akili.

Mwaka 1827 aliingia kwenye kamati ya bunge iliyochunguza walivyotunzwa wagonjwa maskini wa London. Katika nyumba za kulaza wagonjwa za Bethnal Green, kamati ilikuta watu wakilala uchi juu ya majani makavu ndani ya vitanda vya mbao vilivyofanana na masanduku, wamefungwa minyororo. Walifungwa Jumamosi mchana. Walifunguliwa Jumatatu asubuhi. Kati ya hapo hakuna aliyewasafisha. Jumatatu hiyo walitolewa uani wakaoshwa kwa maji baridi, hata siku ya barafu. Mimi nimewahi kumbadilishia shuka mgonjwa mmoja mara nne katika usiku mmoja, na kila mara alinishika mkono akiomba radhi. Kwa hiyo ninaposoma "Jumamosi hadi Jumatatu", nahesabu saa.

Februari 1828 kijana huyu wa miaka 26 alisimama bungeni kuunga mkono muswada wa kubadilisha hali ile, akaongea kwa sauti ya chini kiasi kwamba waandishi waliokaa juu hawakumsikia vizuri. Muswada ukapita, naye akawa mmoja wa makamishna wa kukagua nyumba hizo. Mwaka 1845 zikaja sheria kubwa mbili: moja ililazimisha kila wilaya kujenga hospitali ya wagonjwa wa akili maskini, nyingine iliunda tume ya kudumu ya nchi nzima, naye akaiongoza mpaka alipofariki mwaka 1885. Jumlisha tangu 1828: miaka 57, bila mshahara.

Makamishna walipewa ruhusa ya kuingia mchana au usiku. Kila mgonjwa aliyefungwa au kutengwa ilibidi aandikwe kitabuni. Leo nikimshika mgonjwa kwa nguvu asijiumize, kabla sijaenda kunywa chai najaza fomu: saa ngapi, dakika ngapi, nani alikuwepo, kwa nini. Wenzangu wengine wanailalamikia sana. Mimi najaza kila mstari.

Mchambuzi Huru

Dada, heshima zako, lakini usimpambe mno. Mwaka 1844 John Bright, mbunge mwenye kiwanda cha nguo, alimshambulia bungeni kwamba anawalilia watoto wa viwanda vya kaskazini huku vibarua wa mashamba ya Dorset, kwao mwenyewe, wakiishi kwa mishahara ya aibu. Watu wenye viwanda walisema hivyo hivyo. Tena alipinga kupanua haki ya kupiga kura.

Nesi wa Zamu

Kaka, la kura ni kweli na silitetei. Aliamini maskini watunzwe. Kuwapa usukani hakukubali. Nadhani hapo alikosea vibaya.

La Dorset pia ni kweli, ila lina nusu ya pili. Mashamba yale yalikuwa ya baba yake, na mwaka 1843 alisimama hadharani huko huko Dorset kuwasema wenye ardhi, jambo lililomkosanisha na mzee wake. Aliporithi mwaka 1851 alikuta nyumba za vibarua ni chafu na zimebanana, na mali yenyewe imezama kwenye madeni. Alijenga nyumba mpya kwa kukopa.

Halafu tazama alichokataa. Mwaka 1841 waziri mkuu Peel alitaka kumpa wadhifa wa kuhudumu kwenye kasri la kifalme. Alikuwa na familia kubwa na fedha hana, akakataa, maana wadhifa ungemfunga mdomo kuhusu kikomo cha saa 10 za kazi. Mwaka 1846 akajiuzulu kiti chake cha Dorset, kwa sababu alibadili msimamo kuhusu ushuru wa nafaka na akaona si haki kukalia kura za watu waliomtuma kinyume. Ndiyo maana sheria ya saa 10 ilipopita mwaka 1847 hakuwemo bungeni. Mbunge John Fielden ndiye aliyeifikisha mwisho.

Mdadisi88

Asanteni sana, nimeelewa. Dada Nesi, swali moja tu: mtu wa ukoo kama ule, huruma hii aliitoa wapi?

Nesi wa Zamu

Kwa yaya, mdogo wangu. Wazazi wake walikuwa baridi na wakali. Aliyempakata, aliyemfundisha kusali, ni mtumishi wa nyumba aitwaye Maria Millis. Alifariki Anthony akiwa bado mtoto, akamwachia saa yake ya dhahabu. Mtu aliyekuja kurithi majumba na cheo aliivaa saa ile ya mtumishi maisha yake yote, na akiulizwa alisema ni zawadi ya rafiki bora kuliko wote aliowahi kuwa nao duniani.

Alipofariki walitaka azikwe Westminster Abbey, kanisa la London wanamozikwa watu mashuhuri. Ibada ilifanyika pale, barabara zikajaa watoto wa shule za maskini na wauza maua. Lakini alikuwa ameshasema anataka kulazwa kwao, kwenye kanisa la kijiji cha Wimborne St Giles, na huko ndiko aliko.