Kwa nini grifoni anatisha na kunguru-mtu anachekesha?

Muulizaji, Kisauni
Salaam jamani. Naendesha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji huigiza mhusika wake wa hadithi, kwa Kiswahili nyumbani. Nilipowatolea wachezaji grifoni, kichwa na mabawa ya tai juu ya mwili wa simba, chumba kizima kilinyamaza. Kikao kilichofuata nikaleta wale kunguru-watu wanaosema kwa kuiga tu sauti walizowahi kusikia. Waliangua kicheko mpaka mchezo ukavunjika. Wote wawili ni wanyama wa kuungwaungwa, sasa tofauti iko wapi? Bado sijamtoa bundi-dubu, yule dubu mwenye kichwa cha bundi, wala watu-viboko, na roho haijatulia.

Wa Likoni
Ni ile miguu miwili. Mnyama ukimsimamisha ukamvisha nguo, umeshapata katuni. Watu-viboko wana sare za kijeshi na bunduki kabisa! Waache.

Wa Mji wa Kale
Miguu miwili haitoshi, yakhe. Minotauri ana miguu miwili na kichwa cha fahali, na simjui mchezaji aliyemcheka akiwa naye gizani.

Mimi hutazama kwanza tunavyoishi na mnyama mwenyewe. Kunguru wa Mombasa anakudokolea samaki Marikiti, anaiba sabuni uani, nawe unamfukuza kwa kandambili. Ukimpa upanga, wachezaji bado wanamwona yuleyule wa uani. Simba na tai hakuna kati yetu aliyewahi kuwafukuza kwa kandambili.

Lakini mazoea peke yake hayamfanyi mnyama kuwa kichekesho. Mkumbuke nunda wa ngano zetu. Alikuwa paka wa sultani, hana pembe wala mabawa. Alianza na mifugo, sultani akasema paka ni wangu na mifugo ni yangu, mwishowe akawa anakula watu. Anatisha kwa sababu paka tunamjua na huyu amevuka mpaka wa paka. Kunguru wako hakuvuka chochote, alikuja kuongea tu. Mrudishe usiku. Akae juu ya ukuta aseme neno la mwisho alilosema mhusika wao aliyekufa, kwa sauti yake marehemu. Sidhani kuna atakayecheka.

Bundi-dubu ana historia yake. Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo huu, alimpata kwenye pakiti ya vinyago vya plastiki vya bei rahisi kutoka Hong Kong, akamtia kwenye mchezo mwaka 1975. Huko Marekani wako wengi wanaomwona kituko. Kwetu mambo ni mengine: bundi akilia juu ya paa, nyanya anaanza kuvuta uradi na watu wanaulizana nani mgonjwa. Dubu wachezaji wako wamemwona kwenye televisheni tu, kwa hiyo usianze na mwili. Anza na sauti. Bundi analia juu ya mkungu, wanainua vichwa, hawaoni kitu. Analia tena, safari hii sauti inatoka chini, nyuma yao, usawa wa kifua cha mtu. Hapo nyamaza wewe, uwaache wao waulize. Jina lake usilitaje kabisa.

Pakiti ileile ndiyo iliyomzaa yule mnyama wa kutu, kimdudu chenye mkia kama propela. Hakuna sura ya kipuuzi kuliko yake. Ila akigusa chuma kwa vipapasio vyake, upanga na deraya vinageuka kutu. Nimeona wachezaji waliosimama mbele ya joka bila wasiwasi wakimkimbia huyu, maana joka litakula uhai wa mhusika, na huyu atakula upanga uliohangaikiwa miezi. Kila ukimtoa mnyama jiulize atawapokonya nini. Ukikosa jibu, watacheka tu, hata awe na vichwa saba.

Wa Bamburi
Nakubali, na naongeza kuhusu viboko. Hapa kwetu kiboko ni Owen, yule mtoto aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hifadhi ya wanyama ya Haller Park na kumganda kobe Mzee kama mama yake. Nani atamwogopa? Ila mke wangu ni wa Tana River. Kwao kiboko ni mnyama anayepindua mtumbwi. Ukimtaja mezani, yeye hacheki.

Muulizaji, Kisauni
Shukrani sana. Mezani kwangu mmoja ni wa Garsen, hukohuko Tana River, wengine ni watoto wa mjini. Nifanyeje na sare za hao viboko?

Wa Mji wa Kale
Sare waache nazo, zinawapa heshima yao, na huyo wa Garsen umtangulize. Kabla ya kiboko yeyote kuonekana, mwambie mhusika wake amefika ukingoni na maji yametulia mno, kisha umuulize kama anavuka. Akikataa, wenzake watataka kujua sababu, na hapo mwache aeleze yeye.