Mwenye jengo anataka nimwage oili chafu kwa baraza ili watu wasilale hapo, ninyi mngefanyaje?

MuuzaMisumari:
Habari zenu wandugu. Nina duka la vifaa vya ujenzi huku chini mjini Kampala, sio mbali na Old Taxi Park. Asili yangu Busia lakini huu ni mwaka wa saba niko hapa. Usiku tukishafunga, baraza ya duka inalaliwa na watu, siku nyingine wanne siku nyingine hata tisa, wanatandika boksi za vigae tunazotupa na kujifunika kavera, yaani mifuko ya plastiki. Asubuhi nikifika wengi washaondoka, boksi wamezikunja wamezisimamisha pembeni ya mtaro na pamefagiwa kabisa.

Sasa wiki jana mwenye jengo akaniletea galoni ya oili chafu ya gari, akasema kila jioni nikifunga nipake sakafu, manake ukiilalia oili nguo zako zimekwisha na harufu haitoki. Ati hao ni wavivu, wana mikono kama mimi, wamekimbia jembe kijijini. Na majirani zangu wa maduka wote wanasema hivyo hivyo, wavivu, wavuta bangi, wezi.

Galoni nimeiweka nyuma ya mabati sijaifungua. Kinachonikaba ni mama mmoja mtu mzima, umri wa mama yangu mzazi, ana mfuko wa turubai na ndani kuna sufuria moja, kanga na kitabu cha kliniki cha mtoto ambacho amekifunga kwa kavera mbili kisilowe. Huyo naye mvivu? Nauliza kwa moyo safi, ninyi mnaona ni nini hasa kinamfikisha mtu kulala nje, na hii oili niifanyeje?

MzeeWaPloti:
Mdogo wangu mimi nitasema ukweli wangu hata kama hautapendeza. Duka langu limevunjwa mara mbili, na zaidi ya mara moja nimefika asubuhi nikakuta kinyesi mlangoni. Ukipitia hayo huruma inapungua. Halafu si kila unayemwona mtaani hana kwao. Nenda pale kwenye taa za Jinja Road, mama amekaa kivulini, katoto ka miaka miwili ndiko kanatumwa kunyoosha mkono kwenye madirisha ya magari. Hela unayotoa inaenda kwa mtu mzima. Ndiyo maana mji ulipitisha sheria 2019 kwamba kumpa mtoto wa mtaani hela au chakula ni kosa la kukufikisha jela. Oili siipendi, ni ukatili, lakini hao watu warudi vijijini, ardhi ipo.

MtotoWaNapak:
Mzee wangu kwa heshima, hapo kwenye "ardhi ipo" ndipo nakuomba unisikilize. Mimi ni wa Iriiri, wilaya ya Napak huko Karamoja, kaskazini mashariki, na wengi wa hao watoto unaowaona kwenye taa ni wa kwetu. Ardhi ipo kweli lakini mvua ikikosa mtama unakauka ukiwa kwenye goti, na zamani mtama ukikauka unauza mbuzi au ng'ombe, siku zinapita. Kuanzia 2019 wizi wa mifugo ulirudi kwa nguvu, wenye bunduki wanakuja usiku zizi linabaki tupu, na 2022 njaa iliua watu Karamoja. Mama aliyebaki na ghala tupu na watoto watano akija mtu akamwambia "nipe huyu msichana nimtafutie kazi Kampala" anamtoa. Simtetei anayetuma mtoto barabarani, na wanaowakusanya watoto wawaombee hela ni wahalifu wakamatwe. Lakini huyo mama wa kivulini umewahi kumwona jioni? Wanalala Kisenyi, mtaa wa mabanda hapa mjini, chumba kimoja watu ishirini wanalipa kwa usiku, ukikosa ya usiku huo unalala kwa baraza. Asubuhi mapema wako kwenye mashine za kusaga wanafagia mahindi na maharage yaliyomwagika kutoka kwa malori, wanapepeta mchanga, wanachagua mawe moja moja, wanauza kwa kikombe. Hiyo ni kazi jamani, inavunja mgongo kuliko jembe.

Na hiyo ya kukamatwa, watoto wanabebwa kwa lori wanapelekwa kituo cha watoto cha Kampiringisa kule Mpigi, baadaye wengine kituo cha Koblin kwetu Napak, wanakaa, wanarudishwa nyumbani. Nyumbani ghala bado tupu. Kuna mtoto wa jirani yetu amerudishwa mara tatu, mara ya tatu alifika Kampala kabla ya lori lililomleta.

BodaWaUsiku:
mimi nimelala nje miezi minne na sijawahi kuandika hii mahali popote. Nilikuwa kondakta wa teksi, Machi 2020 usafiri wa umma ukasimamishwa, sisi tunakula cha siku ile ile, mwezi wa tatu wa deni mwenye nyumba hakunifukuza kwa mdomo, aling'oa mlango wa muzigo wangu, chumba kimoja cha kupanga, akaondoka nao kwa bega. Nikalala kwa rafiki mpaka mke wake akaanza kugonga vyombo kwa nguvu nikaelewa, nikaenda stendi.

Nataka niseme kitu kuhusu huu uvivu. Nje hamlali usiku, mnapokezana. Mmoja akifunga macho mwingine analinda, viatu unaweka chini ya kichwa kamba zimezungushwa mkononi, ikinyesha mnasimama wima mpaka asubuhi, askari wakija mnakimbia. Usingizi wenyewe unakuja saa tano mchana jua likipasha joto, basi mtu anapita na tai yake anakuona umejilaza kwa nyasi anasema tazama huyu mvivu, saa tano analala. Niliyasikia hayo maneno nikiwa nimefumba macho tu.

Na hayo mafuta ya ndege na gundi, ndiyo yapo, vijana wananusa. Mimi nilinusa pia. Yanaua njaa na yanaua baridi, kwa shilingi 500 hakuna chakula kinachoweza kufanya hivyo. Wengi niliowakuta walianza baada ya kuingia mtaani, sio kabla.

Kitambulisho changu kiliibwa wiki ya pili. Bila kitambulisho husajili laini, bila laini hakuna mobile money wala wa kukupigia kwamba kuna kazi. Ukienda kutafuta kibarua wanataka barua ya LC, yaani serikali ya mtaa, chairman wa zone gani atakuandikia wewe ambaye zone yako ni baraza? Mimi aliyenitoa ni mjomba, alinidhamini boda. Wenye hawana mjomba bado wako pale.

WakiliMtarajiwa:
Pole sana BodaWaUsiku. Huyo wa mlango alivunja sheria, na siku hizi iko wazi zaidi, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inasema mpangaji hatolewi bila amri ya korti. Tena Desemba ya mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ilifuta sehemu ya kifungu cha uzururaji kwenye sheria ya makosa ya jinai, kile kilichotumika miaka mingi kubeba watu kwa sababu tu hawana pesa na wameonekana mahali pabaya. MuuzaMisumari, huyo mama wako muulize kama ni mjane. Wajane wengi wanafukuzwa na mashemeji kabla matanga hayajaisha.

MamaTatuArua:
Tumeandika sana, kuna yeyote amemuuliza huyo mama jina lake? Mwanangu mpelekee chai kwanza, kisha muulize.

MuuzaMisumari:
Nimerudi. Mama asante, leo nilifika saa kumi na moja na nusu asubuhi na chai na chapati mbili. Moja alikula, moja akaifunga kwa karatasi ni ya mjukuu. Jina lake nitabaki nalo.

Ni mjane kweli. Walikuwa na kibanja, shamba kwenye ardhi ya mwenye hati, wakimlipa busuulu, kodi ya ardhi, kila mwaka, risiti anazo zote, zimo ndani ya hicho kitabu cha kliniki, ndiyo maana kina kavera mbili. Mzee alipofariki mashemeji wakauza kibanja pamoja na kaburi lake. Mjukuu ana selimundu, anakaa na mama yake kwenye muzigo wenye watu sita tayari, nafasi ya bibi kulala haipo, lakini kila siku ya kliniki ni bibi anambeba mgongoni kwa sababu binti yake akikosa siku moja kazini anafutwa. Kwa hiyo analala kwa baraza yangu ili asiwe mbali nao. Nilimuuliza kwa nini hakusema, akanijibu, "Mwanangu, ni nani aliyeniuliza?"

MzeeWaPloti, ya kinyesi nakuelewa, mimi pia imenitokea. Nikamuuliza hiyo nayo. Choo cha kulipia kwetu ni 500 na kinafungwa saa tatu usiku. Baada ya hapo watu waende wapi?

MzeeWaPloti:
Ya choo sikuwa nimeifikiria. Huku kwetu pia kinafungwa.

WakiliMtarajiwa:
Risiti za busuulu!! Usiruhusu zipotee, zipige picha leo hii. Mwenye kibanja anayelipa hatolewi hivi hivi, na sheria ya urithi ilivyorekebishwa 2022 inampa mjane fungu lake, asilimia 20. Mpeleke FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, wanasaidia akina mama bila malipo.

MuuzaMisumari:
Picha nimepiga, na risiti zenyewe ziko kwenye droo yangu yenye kufuli, yeye ndiye aliniomba. Jumatano tunaenda pamoja, duka litafunguliwa mchana. Oili nimewapa mafundi wapake nguzo za uzio, mchwa huku ni wengi. Mwenye jengo anakuja Jumatatu kuchukua kodi, nitamwambia mwenyewe uso kwa uso kwamba kwa baraza sipaki. Nitawaandikia alivyojibu.