Kotlin, Flutter au PHP kwa mwenye laptop ya RAM 4GB, Tanga

Karani wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Mchana ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi, usiku naandika programu, mwaka wa pili huu. Lugha ya programu ya Python naijua kiasi cha kupiga hesabu za mauzo ya duka. Sasa mama yangu mdogo anauza dagaa kwenye soko la samaki la Deep Sea, na jana nililishika daftari lake la madeni: kurasa zimegandana kwa maji ya chumvi, jina la mdaiwa lasomeka, kiasi kimefutika. Nataka kumtengenezea programu ya simu. Na natamani siku moja kazi hii ndiyo iwe ya mchana. Nianze na ipi kati ya zana hizi za kuandikia programu: Kotlin, Flutter au PHP?

Bi Chumbageni
PHP, mdogo wangu. Miaka tisa inanilisha hapahapa Tanga. Kompyuta yako itaimudu bila kuhema. Na WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, imeandikwa kwa PHP, kwa hiyo shule na nyumba za wageni zenye tovuti hazikosi kazi ndogondogo za kukupa. Mteja wangu wa kwanza alitoka Pangani.

Fundi wa Sahare
Dada, kwa kutafuta riziki nakuunga mkono. Kwa daftari la dagaa, hapana. Tovuti ya kawaida inataka mtandao kila unapohifadhi. Mwaka juzi nilimwandikia muuza nazi programu ya namna hiyo. Mtandao ukakatika, mauzo ya asubuhi nzima yakapotea. Nilikaa naye hadi magharibi tukikumbuka mteja mmoja mmoja. Niliona aibu sana.

Tangu hapo data naiweka kwanza ndani ya simu. Android inakuja na SQLite tayari, ya kuhifadhia data: hifadhidata yote ni faili moja, haihitaji seva, yaani kompyuta ya mbali ya kutunzia data. Mtandao ukipatikana, ndipo nakala inatumwa.

Baina ya Kotlin na Flutter: Kotlin ndiyo Google inayoitanguliza kwa Android tangu 2019, na ukiomba kazi ya Android utaulizwa hiyo. Lakini Android Studio, programu ya kuandikia Kotlin, kwenye RAM 4GB utaichemshia chai ukiisubiri. Flutter unaweza kuiandikia kwenye VS Code, kihariri chepesi zaidi. Usifungue simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, chomeka simu yako kwa waya. Ukibadili rangi ya kitufe, unaiona simuni papo hapo. Kujenga programu mara ya kwanza kutachukua muda, vumilia.

Mwana Bagamoyo
Mimi naandika kwa mapenzi tu, sijawahi kulipwa. Ila kaka, kabla ya lugha, nenda ukakae naye sokoni. Kioo cha simu hakimsikii mtu mwenye vidole vya maji. Vitufe viwe vikubwa, na maandishi machache. Halafu kila hatua uihifadhi kwenye Git, inayotunza kila toleo la kazi yako, tangu siku ya kwanza. Atakayekuajiri ataona ulivyofikiri, si kazi iliyokwisha tu.

Bi Chumbageni
Fundi, kwa hilo la mtandao umenishinda. Karani, fuata Flutter, PHP utaijifunza utakapohitaji seva.

Karani wa Ngamiani
Ahsanteni sana. Leo alfajiri nilikwenda Deep Sea. Mwana Bagamoyo, Mungu akuweke, maana ningekosea vibaya. Nilikuwa nimepanga sehemu ya kujaza tarehe ya kulipa. Mama mdogo akaniambia tarehe hana. Wadaiwa wake ni wakaangaji. Dagaa hawavuliwi mbalamwezi, kwa hiyo wakaangaji hawana cha kukaanga wala cha kulipa mpaka giza lirudi. Deni lake linafuata mwezi wa angani! Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni kama siku 29 na nusu, hesabu hiyo naiweza.

Nimeanza na Flutter. Ukurasa wa kwanza umekamilika usiku huu: jina, kiasi, na kitufe kimoja kikubwa kilichoandikwa GIZA.