Mnapendana na kila mmoja ana kidonda chake, mnaishije? Tupeane uzoefu

Wadau habari za jioni. Hii nawauliza wanaume wenzangu mlio na wanaume, mwenye matusi apite tu, huko nje tunayapata bure kila siku.

Mimi niko Nairobi, miaka 34. Nyumbani nilifukuzwa nikiwa na 19 baada ya mjomba kukuta meseji kwa simu, nikaingia pombe karibu miaka kumi, saa hii ni mwaka wa tatu sijaonja. Jamaa wangu ni Mganda, alivuka Busia 2023 sheria yao ya kupinga ushoga ilipopita, na begi moja. Tunaishi pamoja mwaka na nusu sasa. Mpole, matoke yake nakula ata mimi nisiyependa ndizi. Shida ni raba. Kila usiku anaziweka kando ya kitanda, kamba zimelegezwa, soksi ndani, zinaangalia mlango. Mlango ukigongwa, ata kama ni kijana wa maji, anasimama tuli mpaka nimwambie ni wa maji.

Mimi nikaona huyu anajiandaa kuniacha, maana ndo nimezoea kuachwa. Tukagombana vibaya nikatoka, nikafika mpaka mlango wa baa nikasimama hapo nanusa tu kama mjinga, alafu nikarudi. Nikamkuta kwa ngazi amezivaa. Akasema nilikua nakuja kukutafuta.

Sasa nyinyi mlifanyaje? Mliongea yote yakaisha ama kuna mengine mliyaacha tu?

*

Mimi mtoto wa Mombasa niko Toronto. Kesi ya ukimbizi huku wanataka ushahidi kwamba wewe kweli ndo huyo unayesema, na mtu nimeishi maisha yangu yote nafuta, meseji nafuta, picha nafuta, namba ya mtu nimeisevu "Fundi Friji" 😂 alafu wakili ananiambia leta picha. Nilikua na moja, mkono wa mtu na sahani ya mahamri.

Kipindi hicho hicho nikampata wangu, Mkongo wa Goma, na huyu hupiga picha kila kitu, ugali, mimi nimelala, stendi ya basi. Akitoa simu natetemeka, namwambia futa. Siku moja akalia. Kumbe picha zote za kwao zilibaki kwenye nyumba waliyoikimbia, ya mama hana ata moja, kwahiyo yeye kuambiwa afute ni kama mtu amekufa tena. Tukakubaliana, anapiga, hatumi kwa mtu, na mimi sigusi simu yake. Bado hua natetemeka lakini kidogo.

*

Niko Dar, huku kifungo chake kinaanzia miaka 30 kwahiyo sina hadithi ndefu. Tunaonana Jumapili. Nasoma tu.

*

Wanangu, mie nina 61, na mwenzangu huu mwaka wa 22 twaishi hapa hapa Mombasa, majirani washazoea kutuita wale wazee wawili. Alishawahi kulala kituoni siku nne kabla hatujajuana. Yaliyompata huko hajaniambia na sijamuuliza, kipande cha kwanza alikitoa mwaka wa sita tukipara samaki, sentensi moja, akaendelea na samaki wake.

2018 mahakama ya rufaa hapa Mombasa ikasema kumpima mwanamume nyuma kwa nguvu kutafuta ushahidi ni kinyume cha katiba. Yeye alikua jikoni asikiliza redio. Akaizima, akaanza kuosha vyombo, na vyombo nilikua nimeshaviosha mimi. Nikachukua kitambaa nikawa nakausha. Vyote, mpaka sufuria za juu. Ndio nikajua.

Wewe wa Nairobi, hiyo ya kuongea yote yakaisha mie siijui, labda nyinyi vijana. Na usiniguse raba za mtu.

*

Shikamoo mzee. Hiyo ya vyombo nimeisoma mara tatu.

Jana usiku nikatoa raba zangu mlangoni nikaziweka kando ya zake. Hakusema kitu. Akainama, akazigeuza ziangalie mlango kama zake, akazima taa.