Tupeane uzoefu: miongozo ya hatua kwa hatua iliyomo ndani ya programu, watu wanakwama wapi?

Mwananyamala_IT

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaofundisha watu kompyuta hapa Dar, iwe ofisini, chuoni au dukani Kariakoo. Programu nyingi siku hizi zinakuja na mwongozo wake ndani: kisanduku kinatokea, kinakuonyesha kitufe, unabonyeza, kinakusogeza mbele. Wengi wanabonyeza Skip, halafu wanakwenda kumaliza bando YouTube wakitafuta kilekile walichokikimbia.

Tuandike hivi: programu gani, mwongozo unafunguliwa wapi, mtu anakwama hatua ipi na kwa nini. Habari za maisha yetu tuziweke kando, anayesoma anataka kazi.

Msimamo wangu ni huu: mwongozo unaosubiri ufanye kitendo chenyewe ndio unaofundisha. Ule wa Next, Next, Next ni tangazo tu.

ramani_mburahati

Naleta iD, kihariri cha OpenStreetMap (ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora) kinachofanya kazi ndani ya kivinjari. Tangu Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani ya Dar, ianze mwaka 2015 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ardhi kuingia kwenye kata zinazofurika, jiji hili halijaishiwa wachoraji wapya, na iD ndiyo mlango mwepesi.

Ingia kwenye akaunti, kuza ramani mpaka kitufe cha kuhariri kikubali, bonyeza. Mara ya kwanza kinatokea kisanduku cha kukaribisha chenye Start the Walkthrough. Ukikipita si mwisho: bonyeza herufi H, msaada unafunguka, na mwongozo umo humo humo.

Usishtuke ramani ikikuhamisha Dar na kukutua Three Rivers, mji mdogo wa Michigan, Marekani. Huo ndio uwanja wa mazoezi. Chochote unachochora pale hakipandi kwenye ramani halisi, kwa hiyo haribu upendavyo. Sura zinakwenda kwa mpangilio: kusogea kwenye ramani, nukta, maeneo, mistari, majengo. Vitufe vya kukariri ni 1 kwa nukta, 2 kwa mstari, 3 kwa eneo.

Watu wanakwama hapa:

Mwongozo unakagua kila kitendo. Ukiambiwa chora eneo la uwanja wa watoto ukachora kwa mstari, unarudishwa nyuma bila maelezo mengi, na mtu anadhani programu imeganda. Rudi usome sentensi yenye maandishi mazito, ndiyo inayosema inasubiri nini. Kitu cha pili ni kubofya kulia. Kwenye laptop isiyo na kipanya gusa padi kwa vidole viwili kwa mpigo.

Sura ya majengo ndiyo ya kurudia. Unabofya kona moja baada ya nyingine, unafunga kwa kubofya kona ya kwanza au Enter, unachagua aina ya jengo, kisha Q inanyoosha kona. Kwa tangi la mviringo ni O. Hiyo O huku mtaani utaitumia kwa nadra, ila ukipangiwa Kurasini kwenye matangi ya mafuta utaishukuru.

Sasa tatizo kubwa: Three Rivers nyumba zimeachana, kila moja na nyasi zake. Ukitoka pale ukaingia Manzese au Tandale, mabati yamegusana. Kona unayoweka inanaswa na jengo la jirani, nyumba mbili zinashiriki nukta moja, na ukisogeza moja nyingine inavutika. Shikilia Alt wakati wa kubofya, kunasa kunazimika. Q nayo itagoma kwa paa lililoongezewa banda upande, kwa sababu umbo halikaribii mraba. Ongeza kona zilizosahaulika ndipo ujaribu tena. Usilazimishe paa la L kuwa boksi.

Jingine ambalo mgeni halitarajii: picha ya setilaiti iliyopigwa kwa mshazari inaonyesha paa limeegemea pembeni ya msingi. Chora paa, kisha bonyeza M uhamishie umbo zima kwenye msingi. Na ukibadilisha picha ya nyuma kwa B ukaona majengo yote yamehama kwa pamoja, kilichohama ni picha. Usianze kusogeza majengo ya wenzako.

Mwisho wa mwongozo haukulazimishi kupakia chochote, ndiyo maana wengine wanachora mtaa mzima kisha wanafunga kivinjari. Bonyeza Save, andika maelezo ya mabadiliko yenye maana, "majengo, Mtaa fulani, Kata fulani", basi.

binti_wa_msimbo

Mkuu ramani, umemaliza. Mimi nina PyCharm, programu ya kuandikia msimbo wa Python. Kwenye ukurasa wa kukaribisha kuna Learn. Ukiwa ndani ya mradi ni Help, kisha Learn IDE Features. Paneli inafunguka pembeni na faili la mazoezi, kila ulichotimiza kinawekewa alama ya kijani. Ukiharibu inakuambia umetoka njiani na kukupa namna ya kurudi.

Kinachokwamisha ni kibodi. Somo linasema Shift+F6 kubadilisha jina la kigezo (variable) kila kilipotumika. Kwenye laptop nyingi safu ya F imekabidhiwa sauti na mwanga wa skrini, kwa hiyo mtu anabonyeza, skrini inafifia, na somo linaendelea kusubiri. Ongeza Fn, yaani Fn+Shift+F6, au ubadilishe mpangilio wa vitufe hivyo kwenye BIOS (setingi za mashine zinazofunguliwa kabla Windows haijawaka) kama mashine ni yako. Kwa mashine za maabara usiguse BIOS, wafundishe Fn.

Masomo ya kuanza nayo ni ya kuhariri na yale ya kutafuta kwenye mradi. La kuendesha na kunasa makosa liache mpaka mtu awe na programu yake iliyokataa, vinginevyo anasahau kesho yake.

seva_na_chai

Kwa watu wa seva: vimtutor, mwongozo wa Vim, kihariri cha maandishi cha kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri). Andika neno hilo kwenye terminali, Enter. Inafungua nakala, faili la asili haliguswi. Yenyewe inakadiria takribani nusu saa.

Matatizo ni mawili tu. Caps Lock ikiwa imewaka, j ya kushuka inakuwa J, na J inaunganisha mistari. Mtu anaona maandishi yanaparaganyika hajui kwa nini. Zima, kisha u kurudisha. La pili ni somo la kutoka: soma lote kabla ya kubonyeza, maana :q! inakutoa kweli na utaanza upya.

hesabu_kkoo

Excel jamani, watu wa maduka tupo. File, New, tafuta neno "tour" au "tutorial" kwenye violezo. Ule wa kwanza ni kitabu kizima, kila karatasi ina zoezi lake: kujumlisha, kujaza, kuchuja, PivotTable (jedwali la muhtasari). Huu haukagui, ukikosea unakaa kimya. Kwa hiyo kwa kipimo cha Mwananyamala_IT si mwongozo kamili, lakini sikubali kwamba ni tangazo: data ipo hapo hapo, unaichezea.

Angalieni setingi za eneo za Windows. Kama desimali inaandikwa kwa mkato, fomula zinataka nukta-mkato kati ya vipengele, na ukinakili fomula yenye mkato kama ilivyo kwenye mafunzo Excel itagoma. Hili linatokea sana kwa kompyuta za mtumba zilizotoka Ulaya.

developa_mikocheni

Tuongee na upande wa watengenezaji, maana miongozo mingi mibovu ni yetu.

Shepherd.js, Driver.js, Intro.js ni maktaba za JavaScript za kutengenezea miongozo hii, na zote zinafanya jambo lilelile: unataja elementi (kitufe au sehemu ya ukurasa), zinaizungushia kivuli na kuweka kisanduku. Ukiitaja kwa klasi ya CSS (jina linalotumika kupangia muonekano), siku mtu wa muonekano anabadilisha jina la klasi mwongozo unakufa na hakuna anayejua. Wekea elementi sifa yake ya pekee, kama data-tour="hifadhi-mauzo", na timu nzima ijue haiguswi.

Mtandao ukiwa mzito, orodha ya bidhaa inachelewa. Hatua inafunguka kabla elementi haijafika, kisanduku kinatua katikati ya skrini kikionyesha hewa. Subiri elementi kwanza. Shepherd ina beforeShowPromise kwa kazi hiyo. Na tumieni advanceOn ili hatua iendelee pale mtumiaji anapobofya kitufe chenyewe. Hapo tunarudi kwenye hoja ya mwenye uzi.

Kumbukumbu ya nani amemaliza isikae kwenye localStorage, yaani hifadhi ya kivinjari cha mashine ile. Kaunta moja dukani inatumiwa na wauzaji wa zamu tatu. Wa kwanza akimaliza, wengine hawauoni tena. Iweke kwenye akaunti ya kila muuzaji. Hatua zisizidi tano kwa kazi moja, na mlango wa kuurudia uonekane kwenye menyu.

Kwa mifumo ya mauzo hili ni la lazima: mazoezi yawe na data yake, pembeni kabisa na data ya kweli. Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) ikishatoka haifutwi kwa Undo. Mwongozo unaomwambia mwanafunzi "sasa bonyeza Kamilisha Mauzo" kwenye mfumo hai unamtengenezea mwenye duka shughuli na mhasibu wake.

mwalimu_temeke

Wakuu, maabara yetu haina intaneti ya uhakika. Kati ya hizi ipi inafaa?

binti_wa_msimbo

Mwalimu, shikamoo. vimtutor haihitaji intaneti, na masomo ya PyCharm yanakuja nayo. Excel fungua kiolezo kwenye mashine yenye mtandao, kihifadhi, kisambaze kwa flashi. iD iache, picha za setilaiti zinavutwa muda wote. Kwa PyCharm tu, hakikisha Python imeshawekwa kila mashine kabla ya kipindi. Bila hiyo itaomba interpreter (Python yenyewe ya kuendesha msimbo) na somo halitafunguka.