Mama anaongea na mdogo wangu marehemu kupitia mama mmoja wa Majengo, Moshi. Alijuaje?

Binti_Kibosho:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, ila tafadhali msinitukanie mama.

Mdogo wangu wa mwisho tulimzika Kibosho mwezi wa nne. Alikuwa anaendesha bodaboda mjini, akagongwa na Fuso. Msibani mama hakulia, watu wakamsifu kwa ujasiri. Tanga lilipoondolewa na ndugu wa Dar kurudi kwao, ndipo usingizi ulipomkimbia.

Mama mdogo akamletea habari za mama mmoja yuko Majengo, eti ana kipaji, marehemu humpanda na kuongea kwa kinywa chake. Siyo mganga, mwenyewe anasema ni mcha Mungu, na ukutani ametundika rozari. Mama akaenda. Akarudi uso umechangamka, akala chakula akamaliza. Kwa hapo mimi nilishukuru.

Tatizo ni pesa. Ilianza "sadaka ya mshumaa" elfu kumi. Ikaja elfu hamsini ya "kumfungulia njia". Sasa mdogo wangu "amesema" hatapumzika mpaka achinjiwe huko huko Majengo, na mama ameshaongea na jirani anunue ng'ombe wetu wa maziwa. Tunaye huyo huyo mmoja. Nikipinga ananiuliza: "Alijuaje ya mguu?" Ni kweli mdogo wangu aliwahi kuvunjika mguu wa kushoto, na yule mama aliutaja. Akataja na shati la bluu, na kwamba marehemu alikuwa mwanakwaya. Hatukuwahi kumjua kabla. Alijuaje?

Mangi_Mdogo:
Anza na mama mdogo. Alivyokuwa anasubiri zamu yake kwenye benchi, alipiga stori na nani?

Steshenari_Mjini:
Dada, pole sana kwa msiba. Mimi nina steshenari hapa Moshi, na kuanzia Jumatano mpaka Ijumaa kazi yangu kubwa ni vijitabu vya mazishi. Kitafute cha mdogo wako ukisome kabla hujaendelea hapa. Picha ya jalada amevaa shati gani?

Nimechapa wasifu nyingi mno, nazijua zilivyo. Kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, shule, kazi, kwaya. Kisha "mwaka fulani alipata ajali akavunjika mguu lakini Mungu akamponya". Kisha chanzo cha kifo, na "ameacha mama na dada wawili". Nakala mia mbili, mia tatu, zinagawiwa kwa yeyote aliyefika. Jioni zimebaki kwenye viti vya plastiki, kesho yake mtu anafungia vitumbua. Anayetaka habari za marehemu hahitaji kipaji, anainama tu anaokota.

Nikupe kisa kimoja. Familia moja ya Uru walifiwa na baba. Baba mdogo ndiye aliyeniletea wasifu, ameuandika kwa mkono, na mwaka wa ndoa ameandika 1987. Nikachapa nilivyopewa. Mjane alipokiona kijitabu akawaka, maana walifunga ndoa 1978, lakini nakala zilishapanda kijijini. Baadaye shemeji zake wakampeleka Arusha, maeneo ya Ngarenaro, kwa mtu wa aina ya huyo wenu. Taa ikazimwa, "mumewe" akapanda, sauti inakwaruza, akamshukuru mkewe kwa kumvumilia "tangu themanini na saba". Yule mama akachukua mkoba wake akatoka. Alinisimulia mwenyewe hapa kaunta, anacheka huku anajifuta machozi. Mume tarehe ya harusi yake aliijua. Asiyeijua ni kijitabu.

Na hawa hawapo kwetu tu. Harry Houdini, yule mfanya mazingaombwe wa Marekani, alifiwa na mama yake 1913. Mwaka 1922 mke wa mwandishi Arthur Conan Doyle akamwandikia kurasa nyingi za ujumbe "kutoka kwa mama", kwa Kiingereza safi, na juu ya ukurasa wa kwanza akachora msalaba. Mama mwenyewe alikuwa mke wa rabi wa Kiyahudi, na Houdini alisema Kiingereza hakukijua. Aliendelea kuwaumbua watu hao hadharani mpaka alipofariki 1926. Mkewe, Bess, aliachiwa na Houdini maneno ya siri, ili roho ikija ijitambulishe kwayo. Mwaka 1929 akatokea mmoja akayataja, magazeti yakapiga kelele. Kumbe msimbo uliotumika kuyaficha ulishachapwa kwenye kitabu cha maisha ya Houdini mwaka uliotangulia! Bess alingoja mpaka 1936, akasema basi.

Yasiyo kwenye kijitabu anayachota kwa mama yako mwenyewe. "Naona herufi E." Uchagani hapa! Nyumba gani haina Elibariki au Eliaika? Mama akishtuka kidogo tu, mwenzie ameshaona. Asiposhtuka anaambiwa "huyo ni wa upande wa baba, kaulizeni wazee". Akifika nyumbani anasimulia lile la mguu, yale yaliyokosa hayakumbuki hata moja.

Mwl_Tengeru:
Hilo la maneno yanayomfaa kila mtu lilishapimwa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer, huko Marekani, aliwapa wanafunzi wake kila mmoja karatasi ya "tabia yako wewe". Wakaipa usahihi wa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale.

Mzee_wa_Kihamba:
Vijana msichanganye mambo. Sisi wazee wetu tunaongea nao, tunawamwagia mbege pale mgombani walipolala. Huo nao mtauita utapeli?

Steshenari_Mjini:
Shikamoo mzee. Hapo sibishani na wewe hata kidogo. Lakini mzee wa ukoo akimwaga mbege, ukoo mzima upo, na hajawahi kutwambia babu ameagiza hela itumwe kwenye namba yake ya simu.

Wakili_Mtaani:
Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302. Tunzeni meseji za miamala. Ila lazima mama mwenyewe akubali kutoa maelezo, na wengi huona aibu, ndiyo maana kesi hizi hazifiki mbali.

Binti_Kibosho:
Kijitabu nimekikuta kabatini. Shati ni la bluu. Mguu uko ukurasa wa pili, hadi "wa kushoto" imeandikwa. Nimekaa chini.

Nimuwekee mama mbele yake?

Steshenari_Mjini:
Hapana, dada. Atajiona ameitwa mjinga na binti yake, na Majengo atakwenda kwa siri. Kwanza okoa ng'ombe: muone yule jirani asitoe hela. Halafu omba mfuatane, mama mdogo abaki nyumbani, wewe usitaje hata jina lako. Mwambie mama amsalimie mwanae kwa Kikibosho, kama walivyokuwa wakiongea jikoni, amuulize jambo la nyumbani ambalo halijaandikwa popote. Akijibiwa kwa Kiswahili, mwache mama aamue mwenyewe.

Binti_Kibosho:
Jirani nimeshampigia, amenielewa. Ila niulize jingine. Tangu aanze kwenda kule mama analala. Nikilikata hili, usiku nimpe nini?

Steshenari_Mjini:
Hapo mimi mchapaji sina utaalamu. Ila yule mjane wa Uru aliniambia kilichompeleka Ngarenaro: nyumbani akitaja jina la mumewe watu wanabadilisha mada, wanamwambia "mwachie Mungu". Kule angalau alilipia mtu amtajie jina. Kwenu jina la mdogo wako linatajwa?

Binti_Kibosho:
Halitajwi. Baba alikataza, eti mama atazidi kuumia. Mama mdogo peke yake ndiye anayelitaja, na ndiyo maana mama anamsikiliza yeye kuliko sisi. Jumamosi napanda Kibosho, nitaongea na baba kwanza.