Naomba ushauri: nipimeje uzito wa utafiti wa Mwanza?

Habari zenu wakuu. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu utafiti wa Heiner Grosskurth na wenzake, Mwanza, uliochapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 1995. Walionyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani 40%. Mwaka 1999 utafiti wa Rakai, Uganda, haukuona punguzo hilo, mjadala ukawaka.

Ili kupima uzito wake, msimamizi wangu anataka nihesabu tu utafiti wa Mwanza umenukuliwa mara ngapi na watafiti wengine. Moyo unagoma. Daftarini nimeanza kuwaandika wanaoupinga kwa wino mwekundu, na ukurasa unazidi kuwa mwekundu! Hao nao niwahesabu? Na miongozo ya tiba iliyoutumia niiweke wapi? Waliopitia hili, mlifanyaje?